Pengo la Mzee Meitamei

1

Ngamia alimpiga Mzee Meitamei teke moja tu, lakini kazi yake aliifanya barabara. Nilipoziona picha za kichwa kwenye ukuta wa chumba cha mipango, nilimwambia Mwaja kwamba mnyama huyo angefaa kufundisha chuoni. Taya la chini limevunjika mahali pawili. Shavu la kulia limebonyea ndani. Taya la juu limeachana na mashavu, linachezacheza kama droo iliyotoka kwenye reli zake. Na nyuma ya jicho la kulia kijipande cha mfupa kimesimama wima, ncha yake ikiugusa mshipa wa fahamu unaopeleka mwanga kwenye ubongo.

"Jicho bado linaona?" nikauliza.

"Mboni inajibu mwanga, ila kwa uvivu," akasema Mwaja. Yeye ndiye mtaalamu wetu wa nusukaputi, mwanamke wa Kigogo mwenye maneno machache na mkono mwepesi. "Uvimbe ukiendelea hivi, Dokta, adhuhuri itatukuta hatuna jicho."

Asubuhi ilikuwa bado mbichi. Mzee alikuwa ameletwa na droni ya wagonjwa kutoka bomani kwake, mbali huko Simanjiro. Droni hizi humlaza mtu usingizi njiani na kumwekea mpira wa hewa mdomoni, ili asipapatike akajiumiza zaidi. Ni jambo zuri, lakini lina maana kwamba mgonjwa hufika kwetu akiwa hajaulizwa neno hata moja.

Tulimwachia Mchongaji kichwa. Jina lake rasmi ni refu na hakuna anayelitumia. Ni mikono mitano inayoning'inia kutoka darini, na sauti kama ya mtangazaji wa redio aliyetoka kula. Akishapewa picha za fuvu huvichambua vipande vyote vilivyovunjika, akavigeuzageuza hewani kwenye ukuta wetu, kila kimoja mpaka kipate jirani yake. Upande ulioharibika huunakili kutoka ule mzima. Pale katikati ya uso, pasipo na upande wa pili wa kunakili, huangalia mafuvu ya maelfu ya watu aliyofundishwa nayo akachukua wastani. Akishapanga, anakata na kufunga mfupa kwa usahihi ambao mkono wa binadamu hauufikii. Na mimi si mtu wa kujishusha. Mimi ni Kokugonza, Mhaya wa kuzaliwa.

Uso wa mzee ukaanza kujifunga pale ukutani, kipande baada ya kipande. Nilikuwa nimeanza kushusha pumzi nilipoona katikati ya taya la chini, mahali palipokuwa wazi, meno mawili yanaota. Meupe, mapya.

"Upungufu wa zamani umegunduliwa," akasema Mchongaji. "Meno mawili ya mbele hayapo na mfupa umesinyaa. Mpango umeongeza kipande cha mfupa kutoka nyongani na meno mawili ya kupandikiza. Taya litapanuliwa kidogo. Njia ya hewa itatobolewa kooni, kwa sababu meno ya juu na ya chini yatafungwa pamoja wakati wa kazi. Uso utakuwa kamili."

Mwaja akacheka kwa pua. "Huyo hana upungufu wowote. Huyo ni Mmasai. Hata babu yangu alikuwa na pengo hilo."

Nami nilijua. Wazee wa rika lake waling'olewa meno mawili ya chini wakiwa watoto. Wenyewe watakuambia ni urembo, au ni alama ya kwao, au ni tundu la kumnyweshea mtu maziwa taya lake likikaza kwa ugonjwa. Siku hizi mwenye pengo humwoni kirahisi. Mchongaji alikuwa ameyaona mafuvu ya kila namna, lakini ya namna hii machache, na hayo machache aliambiwa na waliomfundisha kwamba yana kasoro.

Nikamwamuru aliache pengo kama lilivyo. Akaniomba nichague chanzo chake: kuzaliwa, ugonjwa, au ajali. Nikatazama maneno hayo matatu kwa muda. Hapakuwa na la nne la kusema kwamba watu walitaka.

"Bila chanzo kinachokubalika," akaendelea kwa upole ule unaonipandisha hasira, "kuacha upungufu ni kinyume cha Sheria ya Uso Kamili. Idhini yaweza kutolewa na mgonjwa peke yake, akiwa macho, kwa sauti au kwa mkono."

Sheria hiyo naijua kuliko anavyoijua yeye. Zamani hospitali zilikuwa na uso wa mjini na uso wa porini. Mtu wa mjini akivunjika alirudishiwa kila kitu. Mfugaji akivunjika alishikizwashikizwa, na daktari akasema huyu anarudi kwa ng'ombe wake, inatosha. Nilipokuwa mwanafunzi tuliandamana kwenye mvua mpaka viatu vikatuachia vidole, tukidai kwamba daktari asiruhusiwe, wala ndugu asiruhusiwe, kumkubalia mtu uso pungufu. Tulishinda. Leo sheria yangu mwenyewe ilikuwa imesimama mlangoni, inamtilia mzee wa watu meno asiyoyaomba.

2

Mke wake, Nolari, alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, shuka jekundu mabegani, chupa ya maziwa miguuni. Kijana wao Saning'o, mwalimu wa hesabu hapa mjini, alikuwa amesimama. Alikuwa amekuja mbio, vifungo vya shati vimepishana na hajajua.

Niliwaeleza mambo yote bila kuwapaka mafuta. Kwamba mashine inataka kulijaza pengo. Kwamba baadaye meno hayo yangeweza kung'olewa, lakini taya likishapanuliwa halirudi. Kwamba njia pekee ya kuizuia ni kumwamsha mzee na kumuuliza, na kwamba kumwamsha ni kumtoa usingizini akiwa na uso uliosagika. Ataumia. Akiumia shinikizo la damu litapanda, na kile kijipande kiko palepale kwenye mshipa wa jicho.

"Basi msimwamshe," akasema Saning'o. "Daktari, hilo nalo ni la kuuliza? Mpeni meno yake, mponye jicho."

"Muulizeni," akasema Nolari.

"Yeyo, mama yangu, ni jicho."

"Macho anayo mawili. Mdomo anao mmoja."

Alipoongea niliona pengo lake mwenyewe, na ulimi ukipita nyuma yake. Saning'o akajishika kichwa. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anaogopa, na mwenye hofu hupenda kumwachia mashine iamue.

"Sikiliza, Daktari," akaniambia, sasa kwa sauti ya chini. "Sisi watoto wake tuko wanne, na hakuna hata mmoja aliyeng'olewa. Wajomba walikuja na kisu, baba akawafukuza. Boma zima lilimsema. Mtu anayelipenda pengo lake angewanyima watoto wake? Mimi nadhani amelibeba maisha yote kwa sababu hakuwa na la kufanya. Leo kuna la kufanya."

Nikamtazama Nolari, nikitumaini atakuwa na jibu. 

"Aliwanyima ninyi," akasema. "Kwa nini, hakuniambia. Lake hakuwahi kulilalamikia. Lakini mimi si yeye."

Maneno yale yalinimaliza. Nilikuwa nimetoka chumba cha mipango nikiwa upande wa pengo kabisa, nikiiona mashine ni jinga. Sasa niliona kwamba mwana anaweza kuwa sahihi, na mke anaweza kuwa sahihi, na mimi Kokugonza, ninayejidai kujua, sijui kitu. Jicho nilikuwa nalijua. Jicho ni kazi yangu. Nikifuata mpango wa Mchongaji hakuna atakayenilaumu, si wizara, si mwana, pengine hata mzee mwenyewe asiseme kitu, maana wazee wa namna hii hawana desturi ya kulalamika hospitalini.

Hapo ndipo niliponaswa. Nikazikumbuka zile mvua. Tuliandamana ili mtu mwingine asiamue kwamba uso fulani unamtosha mfugaji. Kumjazia bila kumuuliza nako ni kuamua.

"Tutamuuliza," nikasema. "Yeyo, utaingia nasi ili asikie sauti anayoijua."

Saning'o akanitazama kwa macho yaliyojaa maji. "Jicho likipotea, Daktari?"

"Likipotea nitakuja kukuambia mimi mwenyewe."

Niliogopa, nisifiche. Nilinawa mikono, tukaingia.

3

Mwaja akapunguza dawa kidogo kidogo. Mikono miwili ya Mchongaji ilikishika kichwa kisitikisike. Nolari, amevalishwa joho la kijani juu ya shanga zake, aliinama sikioni mwa mumewe akaanza kusema Kimasai, polepole, kama mtu anayemwita ndama aliyetoka zizini.

Kope la kushoto likacheza. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, mkubwa na mgumu.

"Shinikizo linapanda," akasema Mchongaji.

"Mzee Meitamei," nikasema kwa Kiswahili, Nolari akifuatisha kwa lugha yao. "Uko hospitali. Umeumia uso, tutakutengeneza. Mashine inataka kukuwekea meno mawili kwenye pengo lako la chini. Ukitaka, nibane mkono. Usipotaka, nibane mara mbili."

Hakubana. Alilalamika kooni, sauti iliyopita kandokando ya mpira wa hewa, na machozi yakamtoka jicho lile zima. Nikajichukia. Nikauliza tena.

"Shinikizo linapanda. Mboni ya kulia inajibu kwa shida. Jibu halijapokelewa. Jibu lisipopatikana, mpango wa awali utaendelea."

"Dokta," akasema Mwaja. Aliposema hivyo tu nilielewa kwamba hatuna muda.

Nilikuwa nafungua mdomo niseme mlaze, ndipo mkono wa mzee ulipojichomoa kwenye wangu. Ukapanda taratibu, ukapapasa kidevu kilichovimba, ukapita kando ya mpira wa hewa. Kidole cha shahada kikaingia mdomoni, kikakaa ndani ya pengo, na pale kikatulia.

Mwaja akajaribu kukitoa kwa upole. Mzee akakaza.

Nolari akaanza kucheka nyuma ya barakoa, mabega yakimtikisika, na sikujua kama ni kicheko peke yake.

"Kidole kimegunduliwa kwenye eneo la upasuaji," akasema Mchongaji. "Tafadhali ondoa kidole."

"Hilo ndilo jibu," nikamwambia.

"Fafanua."

"Ameziba ili usizibe wewe. Amesema hapana. Amejibu kwa mkono, kama sheria inavyotaka, na mashahidi ni sisi watatu."

Mchongaji akaipitia sheria. 

"Jibu limepokelewa. Pengo limewekwa kuwa sehemu ya uso wa mgonjwa. Mpango unaundwa upya."

"Mlaze, Mwaja. Mlaze haraka."

Dawa ikaingia. Hata usingizi ulipomshika ilibidi Nolari mwenyewe akitoe kidole kile, akaulaza mkono ubavuni na kuufunika. Nikamulika jicho la kulia. Mboni haikusogea. Nikamulika tena. Haikusogea.

Pale ukutani uso wa mzee ukatawanyika ukaanza kujijenga upya, na mimi nilikuwa natamani kuupiga teke uharakishe. Safari hii taya la chini lilibaki na mwanya wake. Taya la juu likashuka, likageuka upana wa unywele mmoja hivi, likakaa. Meno yake yaliyolika kwa miaka mingi yakakutana, jino na jino lake, bila kipande hata kimoja kusukumwa. Mpango wa kwanza ulikuwa umetaka visukumwe vitatu.

"Njia ya hewa," akasema Mchongaji, "itapitishwa kwenye pengo. Kutoboa koo hakuhitajiki. Kazi itaanzia kwenye jicho."

Mimi na Mwaja tukatazamana. Kutoboa koo kungetangulia kila kitu, na hatukuwa na muda huo. Hata mimi sikuwa nimeliwazia hilo. Mwaja alichukua mpira mwembamba, akaupitisha kwenye mwanya ule, meno yakafumbwa, na mpira ukakaa pale kana kwamba mahali palikuwa pakiusubiri.

"Babu angecheka sana," akasema.

Kisha Mchongaji akashusha mkono wake mwembamba kuliko yote. Aliingilia ndani ya kope, asiache kovu, akatembea ukingoni mwa mfupa hadi kwenye kile kijipande. Mimi kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha, na hiyo ndiyo kazi ya daktari siku hizi, kuwa tayari kusema basi. Kijipande kikang'oka. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Damu kidogo ikafuata, ikafyonzwa.

Nikamulika jicho. Mboni haikusogea. Nikasubiri, nikamulika tena, na mboni ikajikunja, kwa uvivu uleule wa asubuhi, kama mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka.

"Mwaja, umeona?"

"Nimeona, Dokta. Pumua basi, nisije nikalazimika kukulaza na wewe."

4

Mboni kujibu na mtu kuona ni mambo mawili, kwa hiyo sikumwambia Saning'o kitu cha uhakika mpaka siku ya kufungua bandeji. Walikuwepo wote. Uso wa mzee ulikuwa umevimba, wa zambarau, lakini ulikuwa wake. Mataya yalifungwa pamoja kwa waya, yakae hivyo mpaka mfupa ushike. Nolari alikuwa amempitishia mrija kwenye pengo na anamnywesha maziwa kutoka kwenye chupa ile.

"Ya ngamia?" nikauliza.

"Ya yuleyule," akasema Nolari. "Amevunja, sasa amlishe."

Nikamfunika mzee jicho la kushoto kwa kiganja changu na kuitoa bandeji ya kulia. Akapepesa. Akatazama dari, akanitazama mimi, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akamwashiria kwa kidole asogee. Saning'o akasogea akainama, akidhani atakumbatiwa. Mzee akamshika shati, akakifungua kifungo cha juu akakihamishia kwenye tundu lake, kisha cha pili, kisha cha tatu, mpaka chini. Tangu siku ya ajali kijana wa watu alikuwa anavaa hovyo vilevile.

Saning'o akaanza kulia bila kujificha. Mimi nami nikageukia dirishani, maana nilifurahi mpaka nikaona haya. Anaona. Mungu wangu, anaona vizuri kuliko sisi wote, siku hiyo hakuna mwingine aliyekuwa ameliona lile shati.

Kijana alipotulia akakaa kitandani kwa babaye. "Baba, mimi niliwaambia wakujazie. Nilidhani hulitaka. Si ulituzuia sisi tusing'olewe?"

Mzee akafikiri. Kwa mataya yaliyofungwa sauti yake ilitokea kwenye pengo, nyembamba, yenye mluzi kidogo, lakini kila neno lilisikika.

"Mimi nilishikwa na watu wanne," akasema. "Sikuulizwa. Halafu likawa langu, nikalipenda. Ninyi mlipozaliwa nikasema, hawa wakikua wataulizwa."

"Hukutuuliza."

"Mlikuwa mmeshakwenda shule."

Nolari akacheka. Mzee akanigeukia mimi. "Wewe umeniuliza," akasema. "Kuniuliza kuliniuma sana. Lete mikono."

Sikuelewa, ila Saning'o akaninong'oneza nifunue viganja. Mzee akakusanya mate, akavuta pumzi, na kwenye pengo lile yakatoka matone membamba, kama mvua inayojaribu. Yakanilowesha viganja vyote viwili. Akafanya vivyo hivyo kwa Mwaja, ambaye aliinamisha kichwa bila kuambiwa, na kwa mwanawe kwenye paji la uso. Nikafikiria yale meno mawili meupe niliyoyaona yanaota ukutani. Kwa mataya yaliyofungwa na mdomo uliojaa meno, baraka hii isingepata pa kupitia.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akanyoosha kidole mlangoni.

"Na yule mwenye mikono mitano."

Nikamweleza kwamba chumba kile ni cha usafi wa hali ya juu, na kwamba yule ni mashine. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nilipoishiwa maneno, kidole kikiwa bado kimenyooshwa. Siku hiyo hapakuwa na mgonjwa mwingine. Tukamsukuma kwa kiti cha magurudumu, wote wanne, mpaka chini ya Mchongaji, nami nikamwamuru ashushe mikono. Mzee aliikagua mmoja mmoja kwa lile jicho la kulia. Alipoufikia ule mwembamba kuliko yote akaushika kwa mkono wake mkubwa, akaulowesha.

"Majimaji yamegunduliwa kwenye mkono wa nne," akasema Mchongaji. "Tafadhali safisha."

Nikamwambia asubiri, bado minne.